Gobore: kile kizibo cha nyuma ambacho hakuna anayekipima

Ukivuka Daraja la Sibiti ukitokea Mkalama, Singida, unaingia wilaya ya Meatu, mkoa wa Simiyu. Huku ndiko iliko kata ya Bukundi. Watu wanalima, wanafuga, na wilaya yao ni jirani wa wanyamapori: ndani ya Simiyu kuna Pori la Akiba Maswa, linalopakana na Hifadhi ya Taifa Serengeti. Tembo akitaka kutoka kwenda shambani kwa mtu, anatoka tu.

Kwenye maeneo ya namna hii, kuna neno ambalo halikosi katika taarifa za polisi: gobore. Kila msomaji wa habari ameshaona ile sentensi ya mtu kukutwa na gobore moja, goroli na baruti. Wengi tunaisoma na kupita. Lakini ndani ya hilo gobore kuna kipande kimoja kidogo cha chuma, pengine kirefu kama kidole gumba, ambacho ndicho kinaamua risasi itakwenda kwa mnyama au chuma kitarudi usoni kwa aliyeshika.

Kipande hicho ni kizibo cha nyuma ya mtutu. Katika nchi zenye viwanda vya bunduki, kizibo hicho hupimwa kabla silaha haijauzwa. Kwa gobore la kuchonga mtaani, anayepima ni mtumiaji mwenyewe, tena kwa uso wake.

Gobore linafanyaje kazi?

Bunduki za kisasa unaweka risasi kwa nyuma. Risasi hiyo ina ganda lake, baruti yake na kiwashio chake, vyote vimefungwa pamoja kiwandani. Gobore halina hayo. Kila kitu kinaingilia mdomoni: baruti kwanza, kisha kitambaa au karatasi, halafu goroli au vipande vya nondo, na mwisho fimbo ya kushindilia ili vikae vizuri. Ndiyo maana wazee waliita bunduki ya kushindilia.

Kule nyuma kuna tundu dogo la moto. Nyundo inagonga fataki, cheche inapita kwenye tundu, baruti inawaka, gesi inatanuka na kusukuma kila upande.

Hapo kwenye "kila upande" ndipo penye shughuli. Gesi haijui mbele wala nyuma. Inasukuma goroli kwenda mbele kwa nguvu ileile inayosukuma kizibo kurudi nyuma, upande ambao mpigaji ameegemeza shavu lake. Goroli likisogea, ndiyo kazi yake. Kizibo kikisogea, ni ajali.

Nguvu yenyewe ni kiasi gani? Tairi la bodaboda hujazwa upepo wa kama paundi 30 kwa inchi ya mraba. Baruti nyeusi ikiwaka ndani ya mtutu, presha inaweza kufika paundi 10,000 na kuendelea. Chukua mtutu wenye upana wa ndani wa milimita 20. Kwa presha hiyo ya 10,000, kizibo kinasukumwa kwa nguvu ya zaidi ya tani 2. Yaani ni kama kuning'iniza Land Cruiser nzima kwenye yale meno ya skrubu yanayokishikilia. Ni kwa muda mfupi mno, sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini chuma hakina huruma ya "kidogo tu".

Kwa nini kizibo kinashindwa

Kizibo kilichotengenezwa kiwandani kina meno ya skrubu yaliyokatwa kwa mashine, yanayoshikana sawasawa na meno yaliyo ndani ya mtutu. Chuma chake kinajulikana ni cha aina gani. Kinakaa palipo na kituo, hakichezi.

La mtaani ni habari nyingine. Polisi wamekuwa wakionyesha magobore yaliyotengenezwa kwa mabomba ya kawaida. Bomba la maji limetengenezwa kubeba maji, presha inayopanda taratibu na kukaa palepale. Halikutengenezwa kupokea kishindo. Mabomba mengi pia yana mshono kwa urefu wake, pale bati lilipokunjwa na kuunganishwa, na mshono huo ndio hupasuka kwanza.

Wengine huona kuchomelea ndiyo dawa. Kwa macho, kazi ya kuchomelea inaweza kuonekana imara kuliko skrubu. Tatizo ni kwamba weldi inaweza kuwa nzuri juu na tupu ndani, na ule moto wenyewe hubadilisha ugumu wa chuma kilicho pembeni yake. Hakuna jicho la fundi linaloweza kuona hilo.

Halafu kuna kutu. Baruti nyeusi ikishawaka huacha masizi mengi yenye chumvi, na chumvi hizo huvuta unyevu wa hewani. Usipoosha mtutu kwa maji na kuukausha, kutu inaanza mapema sana. Inaanzia wapi? Kule nyuma, kwenye maungio ya kizibo, mahali ambapo fimbo haifiki na macho hayafiki. Gobore linaweza kupiga leo, kesho na keshokutwa bila shida, mwenye nalo akajiaminisha kwamba ni zima, kumbe kila mara meno yanaliwa kidogo.

Kabla kizibo hakijang'oka, mara nyingi kuna dalili. Moshi unavuja pale kisipotakiwa kuvuja kitu. Kuna mistari myeusi kuzunguka maungio. Hiyo ni gesi imeshapata njia, na gesi ya moto ikipata njia huila chuma kama maji yanavyokula ukingo wa mto.

Nchini Nigeria, ambako bunduki ya aina hii huitwa Dane gun, madaktari wameandika kuhusu wawindaji waliofikishwa hospitali wakiwa na majeraha ya macho, uso na mikono baada ya silaha zao wenyewe kuwapasukia. Si ajabu kwamba ni sehemu hizo. Ndizo zinazokuwa karibu na nyuma ya mtutu.

Wenzetu wanapimaje?

Uingereza walianza zamani. Chama cha mafundi bunduki wa London kilipewa hati ya kifalme mwaka 1637, na upimaji wa mitutu ukawa sehemu ya kazi yake. Birmingham, mji uliokuwa unatengeneza bunduki kwa wingi, ulipata nyumba yake ya kupimia kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Liège, Ubelgiji, walitangulia: kwao upimaji ulianza mwaka 1672.

Kinachofanyika ni rahisi kueleza. Mtutu ukiwa na kizibo chake unafungwa kwenye chumba maalumu, unapigwa kwa baruti nyingi kuliko atakayotumia mteja, na hakuna mtu anayeushika. Baadaye wakaguzi wanatafuta nyufa, uvimbe, mahali palipovuja. Ukipita, unagongwa muhuri. Ukishindwa, unakuwa chuma chakavu. Kama ni wa kufa, bora ufie pale kuliko begani kwa mtu.

Marekani hawana nyumba ya serikali ya kupimia kama hizo, ila wana wapenzi wengi sana wa bunduki za kushindilia. Chama chao cha kitaifa kilianzishwa mwaka 1933. Majimbo mengi yana msimu wa kuwinda kwa silaha hizo pekee. Mwaka 1985, fundi mmoja wa Missouri, Tony Knight, alitoa bunduki iliyoitwa MK-85, ambayo kizibo chake hufunguka kwa ufunguo ili mtutu usafishwe kwa nyuma. Ilibadilisha mambo. Kizibo kikishaweza kutoka, watu wakaanza kujichongea vya kwao: chenye tundu dogo zaidi la moto, chenye kupokea kiwashio cha aina nyingine, cha chuma kigumu zaidi.

Na hao wenye mashine nzuri na vipimo vya kitaalamu hawakiamini kizibo kipya hivihivi. Fundi makini kwanza anathibitisha bunduki haina kitu ndani. Anapima jinsi meno yanavyoshikana. Kisha silaha inafungwa kwenye kibanio kizito, kamba ndefu inafungwa kwenye kifyatulio, na mtu anakaa nyuma ya kizuizi. Wanaanza na baruti kidogo. Baada ya kila mlio kizibo kinafunguliwa na kuangaliwa kwa kioo cha kukuza: kuna alama ya gesi? Tundu limetanuka? Meno yamelala? Kukiwa na shaka, kinatupwa.

Kitu kimoja wanachokisisitiza hadi wanachosha ni aina ya baruti. Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, inaweza kufikisha presha ya paundi 60,000 kwa inchi ya mraba katika bunduki iliyotengenezwa kwa ajili yake. Ukiitia kwenye bunduki ya kushindilia ya kawaida, hata ile nzuri ya kiwandani, unaweza kuipasua papo hapo. Sasa fikiria bomba.

Lilifikaje huku?

Gobore halikuzaliwa kwenye karakana za vijijini. Lilikuja na misafara. Kuanzia miaka ya 1860, majeshi ya Ulaya yalianza kuacha bunduki za kushindilia na kuchukua zile za kuweka risasi kwa nyuma. Mamilioni ya zile kuukuu zikawa hazina kazi. Nyingi zilipakiwa melini, zikashushwa Zanzibar, zikapanda bara pamoja na nguo na shanga, kubadilishwa na meno ya tembo na watumwa.

Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola lake kwa ruga-ruga waliobeba silaha hizo. Mwaka 1888, balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, aliandika kwamba bunduki zinazoingia Afrika Mashariki zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka.

Wakoloni wakaogopa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukapiga marufuku kuingiza silaha bora katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango: bunduki za gumegume zenye mtutu laini, na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Kwa lugha nyepesi, Mwafrika aliachiwa ile iliyopitwa na wakati. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, wapiganaji wengi waliokuwa na bunduki walikuwa na hizo, mbele ya bunduki za rashasha za Wajerumani.

Birmingham na Liège zote zilitengeneza bunduki za bei ya chini kwa ajili ya soko la Afrika. Zilidharauliwa hata na waliozitengeneza. Lakini hata bunduki hiyo ya kudharauliwa, ikiwa ilipita kwenye nyumba ya kupimia, ilikuwa na muhuri kwenye mtutu. Gobore lililochongwa mwaka huu halina hata huo.

Tanzania nani analipima gobore?

Jibu lipo, ila linakuja kwa kuchelewa. Gobore likikamatwa na kesi ikafunguliwa, hupelekwa kwa wataalamu wa silaha wa Jeshi la Polisi. Wao huangalia mtutu, nyundo, kifyatulio na tundu la moto, na wanaweza kulifyatua katika mazingira salama. Swali lao si kama ni salama kwa mtumiaji. Swali ni kama lina uwezo wa kupiga, yaani kama kisheria ni silaha. Ripoti hiyo ndiyo inayokwenda mahakamani.

Hapa wengi wanajidanganya. Kuna dhana kwamba gobore ni "kitu cha kienyeji" tu, kama upinde na mshale, au kwamba likiwa la babu halihesabiki. Linahesabika. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kibali kwa mwenye silaha, na leseni kwa anayetengeneza au kukarabati. Fundi wa kuchomelea anayeombwa "anishikie tu hiki kizibo" naye yumo.

Kosa la kukutwa na silaha bila kibali linaweza pia kushtakiwa kama uhujumu uchumi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, sheria hiyo inataja kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Kwa kulinganisha tu: Marekani, sheria ya taifa ya mwaka 1968 inaziweka bunduki nyingi za kushindilia katika kundi la silaha za kale, na mtu anaweza kuagiza moja ikaletwa nyumbani, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti yake. Kwa hiyo video za mtandaoni za Wamarekani wakijaribu vizibo vyao uwanjani zisimpe mtu wa Meatu mawazo.

Na ukanda huu una historia yake. Januari 2016, rubani Mwingereza Roger Gower aliuawa ndani ya Pori la Akiba Maswa baada ya helikopta yake kupigwa risasi na majangili waliokuwa wameua tembo. Tangu hapo hakuna askari anayechukulia poa taarifa ya silaha porini.

Ni kweli pia kwamba si kila mwenye gobore ni jangili. Kuna mkulima aliyelala njaa kwa sababu ya tembo, na kuna anayelinda mifugo dhidi ya fisi. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kufiwa, na malalamiko kwamba fedha hiyo ni ndogo na inachelewa ni ya miaka mingi, tena yana msingi. Lakini goroli kutoka kwenye bomba halimuui tembo papo hapo. Linamjeruhi. Na tembo aliyejeruhiwa anabaki karibu na kijiji, akiwa na hasira.

Umelikuta la marehemu babu darini?

Hii hutokea kuliko watu wanavyosema. Mzee amefariki, watoto wanasafisha nyumba, kinaonekana kitu kirefu kimefungwa kwenye turubai. Jambo la kwanza kujua: gobore linaweza kukaa limeshindiliwa kwa miaka na miaka. Halina ganda la kuchomoa, halina magazini ya kutoa. Kwa nje huwezi kujua kama lina kitu.

Na baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi kwa uzee. Februari 2008, katika jimbo la Virginia, Marekani, mkusanyaji wa vitu vya kale aliuawa nyumbani kwake na kombora la mzinga la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, alipokuwa akilisafisha. Lilikuwa limekaa zaidi ya miaka 140.

Kwa hiyo usichungulie mdomoni. Usivute nyundo kuona kama inafanya kazi. Usijaribu kufungua kizibo cha nyuma kwa spana, maana kutu imekishika na utalazimika kukigonga. Na usikipashe moto ili kilegee, kwa sababu nyuma ya kizibo hicho ndipo baruti inapokaa. Usilipeleke kwa fundi wala kwa mnunua chuma chakavu. Wapo waliokufa kwa kukata vyuma wasivyovijua.

Liache lilipo, watoto wasikae humo ndani, kisha toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, mtendaji au polisi kata. Namba ya dharura ya polisi ni 112 na haikatwi salio. Umoja wa Afrika umeufanya mwezi Septemba wa kila mwaka, hadi 2030, kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari, na Tanzania imekuwa ikitangaza vipindi vyake ambavyo anayesalimisha hashtakiwi kwa kumiliki. Tangazo linapotoka hutaja tarehe na mahali pa kupeleka: kituo cha polisi, ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji.

Kama kipindi hicho hakijatangazwa, toa taarifa mapema na mbele ya mashahidi, mwenyekiti akiwepo, ueleze lilikotoka. Usilibebe kwenye bodaboda kulipeleka kituoni bila kuwaambia kwanza. Ukisimamishwa njiani ukiwa nalo mgongoni, maelezo yatakuwa marefu. Na ukiangukia shimo likiwa limeshindiliwa, huenda usipate nafasi ya kuyatoa. Piga simu, waache waje kulichukua.